Namna ya Kupima Udhaifu wa Shamba la Ngano Kabla ya Kupanda

Ngano ni zao la nchi za baridi, na huku kwetu karibu na ikweta imeweza kustawi kwa sababu moja kubwa, nayo ni mwinuko. Mashamba ya Uasin Gishu, Njoro, Mau Narok na Timau nchini Kenya, pamoja na yale ya Hanang, Karatu, Monduli, Makete na Njombe nchini Tanzania, yako juu kiasi cha kuipatia ngano usiku wa baridi ambao isingeupata mabondeni. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 0.65 za Selisiasi kwa kila mita 100 unazopanda mlimani. Ukiigeuza hesabu hiyo utaona kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 1, hali ya hewa uliyoizoea shambani kwako itakuwa imehamia mita 150 hivi juu zaidi, na mkulima hawezi kuifuata huko. Juu ya mengi ya mashamba haya kuna msitu, na msitu huo ndio unaolisha chemchemi na mito inayotegemewa huku chini, kwa hiyo anayeukata ili kuifuata baridi hupoteza maji kabla hajavuna.

Kinachobaki ni kulijua vizuri shamba lile lile ulilonalo: linashindwa wapi, linashindwa lini, na kwa kukosa nini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya uchunguzi huo kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, yaani mkebe, rula, nondo, kamba, beleshi na daftari. Ni vyema uanze miezi mitatu kabla ya kupanda, kwa kuwa baadhi ya tiba, hasa zile za udongo, haziwezi kufanya kazi kwa wiki moja.

Anza na hesabu ya maji

Chukua mkebe wenye pande zilizonyooka, usiopanuka juu wala kubana chini, uufunge juu ya nguzo fupi mahali pa wazi palipo mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika milimita ulizopata, kisha mwaga. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huzungumzia kanda nzima, na una kazi yake katika kupanga msimu, lakini mvua ya milimani huweza kunyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha mwingine mkavu. Milimita 1 ya mvua juu ya ekari 1 ni zaidi ya lita 4,000 za maji, kwa hiyo tofauti ya milimita 40 kati ya shamba lako na la jirani si jambo dogo.

Ukiwa na jumla ya mvua ya msimu, iwe yako mwenyewe au ya kituo kilicho karibu, fanya hesabu hii: toa milimita 110, ambazo huhesabiwa kuwa zinakauka juu ya udongo bila kuufaidi mmea, kisha zidisha zinazobaki kwa 20. Jibu ni kilo za ngano kwa hekta ambazo maji hayo yanaweza kuzalisha ikiwa kila kitu kingine kimekwenda vizuri. Kanuni hii ilipatikana katika mashamba ya Australia Kusini na ilianza kutumika sana miaka ya 1980, kwa hiyo ichukue kama dari ambayo hata mkulima hodari huishia chini yake.

Tuseme msimu uliopita ulipata milimita 350. Ukitoa 110 zinabaki 240, na ukizidisha kwa 20 unapata kilo 4,800 kwa hekta, ambazo ni kama kilo 1,940 kwa ekari, yaani magunia 21 na nusu ya kilo 90. Ikiwa ulivuna magunia 9, basi si haki kuilaumu mvua peke yake, kwani maji yalikuwapo ila yalitiririka, au yalikauka, au yalinywewa na magugu, au mmea ulikuwa na mizizi mifupi au ugonjwa uliouzuia kuyatumia. Sasa tuseme zilinyesha milimita 200 tu. Dari inashuka hadi kilo 1,800 kwa hekta, ambazo ni magunia 8 kwa ekari, na aliyevuna 7 hapo amefanya kazi kubwa sana. Hakuna mbegu wala mbolea ambayo ingemwongezea mengi. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu wakulima hawa wawili wote husema waliponzwa na ukame, wote hushauriwa kununua pembejeo zaidi, na ni mmoja tu ambaye ushauri huo unaweza kumfaa.

Jumla ya mvua haitoshi, hata hivyo. Andika pia kipindi kirefu zaidi kilichopita bila mvua na tarehe zake, kwani siku 20 za ukavu wakati mmea ungali mdogo huvumilika, ilhali siku hizo hizo wakati wa kuchanua maua hupunguza punje kabisa.

Kisha pima akiba iliyo ardhini. Chukua nondo nyembamba yenye urefu wa mita moja na ushee, uisukume udongoni kwa uzito wa mwili wako katika sehemu kumi tofauti za shamba. Hupita kwa urahisi palipo na unyevu na hugoma inapofika kwenye udongo mkavu. Udongo tifutifu unaweza kuhifadhi takriban milimita 140 za maji yanayofikiwa na mmea katika kila mita ya kina, mfinyanzi zaidi kidogo, na kichanga karibu nusu yake. Nondo ikiishia sentimita 50 kwenye tifutifu, una kama milimita 70 benki. Ikiishia sentimita 15, unapanda kwa kutegemea mvua ambayo bado haijanyesha, na inafaa ulijue hilo kabla mbegu haijaingia ardhini.

Panga siku za kuchanua maua

Joto huiumiza ngano kwa namna mbili. Likipanda kuzidi nyuzi 30 wakati wa kuchanua, chavua hudhoofika na masuke hubaki na nafasi tupu. Likipanda baadaye, punje zinapojaa, hufupisha siku za kujaa, na mavuno yanakuwa ya punje nyembamba zilizosinyaa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 uliolinganisha vielelezo vingi vya kompyuta na majaribio ya shambani ulionyesha kwamba kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto hupunguza mavuno ya ngano duniani kwa wastani wa asilimia 6. Kwa mashamba yaliyo kwenye ukingo wa chini wa ukanda wa ngano, kama yale ya Narok ya chini, hakuna nafasi kubwa ya kupoteza.

Kwa sababu hiyo, mkulima asiulize apande mwezi gani, bali aulize anataka ngano yake ichanue tarehe ngapi, kisha ahesabu kurudi nyuma. Wakulima wa kaskazini mwa Tanzania wanaopanda Februari na Machi hufanya hivyo kwa mazoea, kwani ngano yao hujaza punje kwenye baridi ya Juni na Julai na kuvunwa wakati wa ukavu. Mazoea hayo yalikuwa mazuri, lakini yalijengwa juu ya mvua zilizoanza kwa wakati wake. Andika kila mwaka tarehe uliyopanda na tarehe ambayo nusu ya masuke yalikuwa yametoka. Usitegemee siku zilizochapishwa kwenye mfuko wa mbegu, maana aina ile ile hukimbia kwenye joto na kuchelewa kwenye baridi. Baada ya misimu mitatu utakuwa na kumbukumbu yenye thamani kuliko kipeperushi chochote.

Hapa pana jambo linalosahauliwa, nalo ni mashine. Mvua zinapochelewa, kila mtu hungoja, na zinapoanza kila mtu humtaka mwenye trekta siku hiyo hiyo. Mwenye kukodi hupanda wiki mbili au tatu baada ya mwenye trekta lake, na wiki hizo ndizo zinazomsukuma kwenye ukame wa mwisho wa msimu. Vivyo hivyo kombaini ikichelewa na mvua zisizo za msimu zikanyesha juu ya ngano iliyoiva, punje huanza kuota zikiwa bado kwenye masuke na unga wake haufai tena kwa mkate. Katika daftari lako, andika siku ulizosubiri mashine. Zikizidi kumi, udhaifu wako wa kwanza ni ratiba, na tiba yake ni mkataba wa mapema au ushirika wa majirani wenye trekta moja. Hilo litakusaidia kuliko mbegu mpya.

Udongo, mabua na mifugo

Funga mafundo 50 kwenye kamba kwa umbali ulio sawa, iwe nusu mita au zaidi. Itandaze shambani kwa mshazari wa mistari ya kupandia, kisha hesabu mafundo yaliyoangukia juu ya bua au majani makavu. Zidisha hesabu hiyo kwa 2, nayo ndiyo asilimia ya ardhi iliyofunikwa. Ikiwa chini ya 30, jua na matone ya mvua vinaupiga udongo moja kwa moja, na sehemu nzuri ya zile milimita ulizozipima inatoweka bila kufika kwenye mzizi. Wakulima wa Timau na Laikipia, wanakoishi na mvua chache katika kivuli cha Mlima Kenya, walianza miongo mingi iliyopita kupanda moja kwa moja kwenye mabua bila kulima, na wengi hawajarudi kwenye plau. Njia hiyo ina gharama yake: magugu yasipopinduliwa hudhibitiwa kwa dawa, na dawa moja ikitumiwa kila mwaka huzaa magugu sugu. Asiyekuwa tayari kubadilisha mazao na aina za dawa asiianze.

Lakini mabua hayo hayo ndiyo malisho ya kiangazi, na suala hili linastahili muda zaidi kuliko linavyopewa katika vitabu vya kilimo. Kuanzia mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, serikali ya Tanzania ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu wilayani Hanang, ambayo hatimaye yalifika saba chini ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, na kuchukua takriban hekta 40,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya wafugaji wa Kibarabaig. Walipoteza nyasi, njia za kufikia maji na chumvi, na makaburi ya wazee wao, na mgogoro ukafika mahakamani katika miaka ya 1980. Mashamba yalikuwa na matrekta, wataalamu na mbegu, na bado maji ya mvua yalichimba makorongo kwenye ardhi iliyolimwa mfululizo. Ninaamini kwa dhati kwamba shamba lililozungukwa na watu walionyimwa malisho ni shamba dhaifu, hata likiwa na mvua ya kutosha, na kwamba ukame ukizidi, udhaifu huo ndio utakaoonekana kwanza.

Kwa hiyo fanya makubaliano kabla ya kuvuna, si baada ya ng'ombe kuingia. Yaandikwe mbele ya serikali ya kijiji au wazee wa pande zote mbili, yaeleze idadi ya mifugo, siku watakazokaa, njia ya kwenda kwenye maji ambayo haitalimwa, na kiasi cha mabua kitakachoachwa. Kamba yako ya mafundo itatumika tena hapa: pima mifugo wanapoingia, na waondoke kabla ufunikaji haujashuka chini ya 30. Samadi inayobaki ni faida yako. Kwa wanaokodi ardhi, kama ilivyo kawaida Narok, ombeni mkataba wa miaka mitatu au zaidi, kwani mtu mwenye msimu mmoja hana sababu ya kutunza udongo ambao mwakani utalimwa na mwingine.

Chimba pia kwa beleshi na utazame mizizi ya mimea iliyobaki. Ikiwa mifupi, minene na yenye vidole vilivyodumaa, pima tindikali ya udongo. Sehemu nyingi za Uasin Gishu na za nyanda za juu kusini mwa Tanzania zina udongo wenye tindikali, na mbolea ya DAP ikitumiwa kila mwaka huiongeza. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Mmea wenye mizizi ya sentimita 30 hunyauka juu ya udongo ambao una maji sentimita 60 chini yake. Ndiyo maana chokaa ya kilimo, inayochukuliwa na wengi kama suala la rutuba tu, ni kinga ya ukame, na inapaswa kumwagwa na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa au miezi kabla ya kupanda.

Kutu na chaguo la mbegu

Wakulima wa kizungu waliojaribu ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 waliharibiwa na kutu, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mashina na majani ya ngano, na kituo cha utafiti kilichopo hapo, ambacho leo ni cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kilizaliwa na janga hilo. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, ikathibitishwa mwaka uliofuata na kuitwa Ug99. Iliishinda kinga iliyokuwa imeaminiwa kwenye ngano ya nchi nyingi. Baada ya hapo ikabadilika tena, na mwaka 2007 aina ya Kenya Mwamba, iliyokuwa imepandwa sana, ikaanguka. Wahabeshi nao walipata msiba kama huo mwaka 2013 wakati Digalu, waliyoipenda kwa kuihimili Ug99, ilipovamiwa na kutu ya shina ya ukoo mwingine. Mbegu iliyokuwa imara inapoenea kila mahali, kutu inayoweza kuishinda hupata shamba lisilo na mwisho.

Kutu ya shina, yenye vumbi la rangi ya matofali, hupenda joto, na ile ya manjano hupenda baridi ya juu milimani, ingawa tangu mwaka 2000 zimeenea aina za kutu ya manjano zinazovumilia joto kuliko zamani. Kwa hiyo usijifariji kwamba ongezeko la joto litakuondolea mojawapo. Panda angalau aina mbili zenye asili tofauti, na uulize kituo cha KALRO Njoro, au vituo vya Selian na Uyole vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, jinsi aina hiyo ilivyofanya msimu uliopita, kwa sababu sifa ilizokuwa nazo mwaka wa kutolewa huenda zimeshapotea. Mbegu uliyohifadhi mwenyewe ijaribiwe: zungushia punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja, na zikiota chini ya 85 tafuta nyingine.

Ng'oa au ua ngano maotea inayochipuka yenyewe baada ya kuvuna. Katika ukanda wetu, Narok ya chini huvuna wakati Mau Narok bado ni kijani, na maotea ndiyo daraja ambalo kutu hupitia mwaka mzima. Kisha kagua shamba mara mbili kwa wiki ukiinama kutazama mashina ya chini, kwani kutu ikionekana ukiwa umesimama barabarani umeshachelewa. Dawa ya ukungu hulinda zaidi ikipigwa wakati jani la mwisho, lililo chini ya suke, limefunguka, na kundi la dawa libadilishwe kila msimu. Kwenye miaka mikavu geuza macho pia kwa vidukari wa ngano wa Urusi, walioripotiwa Kenya mwaka 1995, ambao huyakunja majani na kujificha ndani yake.

Mbolea na ukubwa wa eneo la kupanda

Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei za ngano na za mbolea zilipanda pamoja, na serikali ya Kenya ikalazimika kutoa ruzuku iliyoshusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500. Ruzuku huja na kuondoka, kwa hiyo jifunze kuihesabu mbolea kwa punje. Tani 1 ya ngano hubeba takriban kilo 20 za naitrojeni, na mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Ikiwa dari yako ya maji ni kilo 700 kwa ekari, mfuko wa pili hauna ngano ya kulisha. Weka fosforasi karibu na mbegu wakati wa kupanda pamoja na naitrojeni kidogo, na iliyobaki ingojee mmea utoe machipukizi, urudie kipimo cha nondo, kisha uamue. Usimwage urea juu ya udongo wenye umande bila dalili ya mvua, kwa maana sehemu yake hupotelea hewani. Msimu mmoja kati ya mitatu upewe maharage, dengu au mbaazi, na penye soko, kanola.

Ukishamaliza, ligawe shamba kwa sehemu badala ya kuliamua zima. Kwa kila sehemu andika dari ya maji ya mwaka mbaya, asilimia ya ufunikaji, pH na siku ulizosubiri mashine. Chukua gharama zote za ekari moja, zigawe kwa bei ya gunia, upate magunia yanayorudisha fedha yako. Fikiria pia ndege waitwao kwelea kwelea, ambao kila mmoja hula kama gramu 10 kwa siku na ambao ukame unapomaliza mbegu za nyasi huhamia kwenye nafaka. Kupanda kwa awamu mbili hupunguza hatari ya joto, lakini kipande kidogo kinachoiva peke yake huliwa chote, kwa hiyo awamu hizo zipangwe na majirani ili pande kubwa ziive pamoja.

Sehemu ambayo gharama zake ni magunia 7 huku dari ya mwaka mbaya ikiwa 8 isipandwe ngano msimu huu. Ipe mtama, dengu au alizeti, au iache iwe nyasi, uitumie kwenye makubaliano na wafugaji, na fedha uliyookoa inunue chokaa kwa ajili ya sehemu iliyobaki.